Ugonjwa usio na jina: namna maabara inavyosoma vinasaba vya gripe

Mwishoni mwa mwaka 2024, habari moja ilitoka jimbo la Kwango, kusini-magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ikazunguka dunia nzima kwa siku chache. Katika eneo la afya la Panzi watu walikuwa wanakufa, wengi wao watoto wadogo, na hakuna aliyejua ni ugonjwa gani unaowaua. Dalili zilikuwa homa, kichwa kuuma, kikohozi, mafua, mwili kuuma na kupumua kwa shida.

Wasomaji wa Bukavu wasichanganye: Panzi hii si ile ya mtaa wa Ibanda, yenye hospitali ya daktari Denis Mukwege. Panzi ya Kwango iko mbali, karibu kilometa 700 kutoka Kinshasa, na kwa gari safari inachukua kama siku mbili. Wakati huo mvua ilikuwa inanyesha, barabara ni matope, na katika eneo zima la afya hapakuwa na maabara inayofanya kazi.

Tarehe 29 mwezi wa kumi na moja, wizara ya afya ilipeleka taarifa kwa Shirika la Afya Duniani, OMS. Kati ya tarehe 24 mwezi wa kumi na tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili, wagonjwa 406 walikuwa wamehesabiwa na watu 31 wamefariki. Magazeti ya inchi za nje yalianza kuuita "ugonjwa X". Inchi kadhaa ziliongeza ulinzi kwenye viwanja vya ndege. Kwa mama wa Panzi aliyekuwa na mtoto mwenye homa mikononi, jina hilo halikusaidia kitu. Dawa gani apewe? Atengwe na ndugu zake ao hapana? Ni malaria, ao ni kitu kipya?

Jibu lilitoka maabara, tena kidogo kidogo. Katika sampuli 12 za kwanza, 10 zilionyesha malaria. Kisha sampuli zingine zilipopimwa, ilionekana kwamba pamoja na malaria kulikuwa virusi vya kawaida vya njia ya kupumua: gripe ya aina A(H1N1)pdm09, virusi vya mafua vinavyoitwa rhinovirusi, Covid-19 na vingine. Kabla ya mwaka kwisha, OMS ilieleza kwamba hapakuwa na ugonjwa mpya. Ni magonjwa yanayojulikana yaliyokutana katika mwili wa watoto waliokuwa tayari wamedhoofishwa na njaa. Lakini hesabu ilikuwa imefika wagonjwa 891 na vifo 48.

Maandishi yale, A(H1N1)pdm09, mtu anaweza kuyasoma haraka na kuyaruka. Lakini ndani ya herufi hizo chache kuna kazi ndefu: ufito wa pamba puani mwa mtoto, sanduku la barafu, mashini, na watu waliosoma vinasaba vya virusi. Makala hii inaeleza kazi hiyo, na sababu gani inatuhusu sisi wakaaji wa mashariki.

Gripe si moja

Kwetu kila kikohozi chenye homa kinaitwa gripe. Kwa watu wa maabara, gripe ni jina la familia ya virusi vinne tu: A, B, C na D. C inaleta mafua madogo. D inapatikana zaidi kwa ng'ombe. Zinazowatesa watu kila mwaka ni A na B, na inayotisha zaidi ni A, kwa sababu haikai kwa watu peke yao. Inaishi pia kwa bata wa porini, kuku, nguruwe, farasi na wanyama wengine, na inaweza kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine.

Virusi vya aina A vinagawanywa kwa herufi mbili, H na N. Hizo ni protini mbili zilizoko juu ya ngozi ya virusi. H ndiyo ufunguo: virusi vinaitumia kufungua mlango wa chembe ya mwili wetu na kuingia. N ni kama mkasi: virusi vipya vikisha kuzaliwa ndani ya chembe, N inakata kamba ili vitoke viende kushambulia chembe zingine. Wataalamu wamezihesabu H za aina 18 na N za aina 11. Karibu zote zinapatikana kwa ndege. Kwa watu, zile zinazozunguka kila mwaka siku hizi ni H1N1 na H3N2 tu, pamoja na gripe ya aina B.

Ndiyo maana swali la kwanza si "ni gripe?" peke yake. Ni "gripe gani?" H1N1 ya kila mwaka katika kijiji fulani ni tatizo la waganga wa pale pale. H5N1 ya kuku ikionekana kwa watu wengi katika kijiji hicho hicho, dunia nzima inapaswa kujua usiku ule ule. Wagonjwa wa aina hizo mbili wanaweza kulala vitanda viwili vinavyogusana, wenye homa moja na kikohozi kimoja, na hakuna muganga anayeweza kuwatofautisha kwa macho ao kwa kifaa cha kusikiliza kifua.

Safari ya ufito wa pamba

Kazi inaanza na muuguzi. Anaingiza ufito mwembamba wenye pamba puani ao kooni mwa mgonjwa, anauzungusha, kisha anauweka ndani ya kichupa chenye maji maalum yanayolinda virusi. Inafaa kufanya hivyo katika siku tatu ao nne za kwanza za ugonjwa, wakati virusi bado ni vingi. Mgonjwa aliyefika hospitali siku ya kumi anaweza kuwa mgonjwa sana, na puani mwake virusi vya gripe vikawa vimekwisha.

Kisha kinafuata kitu kinachoonekana kidogo lakini ndicho kinachoharibu kazi mara nyingi: baridi. Vinasaba vya gripe vimeandikwa kwenye RNA, na RNA ni kitu chepesi kuharibika. Kichupa kinapaswa kukaa kwenye baridi ya frigo, kati ya nyuzi 2 na 8. Hiyo inatosha kwa siku chache tu. Safari ikiwa ndefu zaidi, inahitajika baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Mtu anayejua barabara zetu anaweza kuhesabu mwenyewe: pikipiki, mtumbwi, gari lililokwama kwenye matope, siku mbili za kungojea ndege, na barafu iliyoyeyuka njiani. Sampuli ikifika imeoza, kipimo kinasema "hakuna kitu", na jibu hilo la uongo ni baya kuliko kukosa jibu.

Kikifika salama, wataalamu wanatoa RNA ndani ya maji yale na kutupa vingine vyote: makamasi, chembe za damu, bakteria. Kinachobaki ni tone dogo lisiloonekana tofauti na maji. Ndani yake vinasaba vya virusi ni vichache mno kwa mashini kuviona. Hapo ndipo inaingia PCR, jina ambalo watu wengi walilisikia mara ya kwanza wakati wa Covid-19.

PCR ni kazi ya kunakili. Kwanza RNA inageuzwa kuwa DNA, ambayo ni ngumu zaidi. Kisha mashini inapasha joto na kupoza, inapasha na kupoza, na kila mzunguko kipande kile kinachotafutwa kinakuwa viwili. Kimoja kinakuwa 2, 2 vinakuwa 4, 4 vinakuwa 8. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja kimezaa nakala zaidi ya bilioni moja. Nakala hizo zinatoa mwangaza unaosomwa na mashini. Mwangaza ukitokea mapema, tuseme kwenye mzunguko wa 18, virusi vilikuwa vingi puani. Ukitokea kwenye mzunguko wa 35, vilikuwa vichache. Kwa kawaida mashini inasimama kwenye mzunguko wa 40 ao karibu na hapo. Kazi nzima, kutoka kufungua kichupa mpaka kupata jibu, inachukua masaa machache.

Katika kila sampuli wataalamu wanatafuta pia kinasaba kimoja cha mtu mwenyewe. Kisipopatikana, maana yake ufito haukugusa vizuri ndani ya pua, ao sampuli imeharibika. Basi hawaandiki "hana gripe". Wanaandika kwamba sampuli haifai, ichukuliwe ingine.

Maswali yanafuatana

Kumbuka kwamba PCR haitafuti "virusi" kwa jumla. Inatafuta maneno fulani tu ambayo mtaalamu ameiandikia mapema. Ni kama kumtuma mtoto sokoni: akitumwa kuuliza ndizi, atarudi na habari ya ndizi, hata kama mihogo imejaa pale.

Kwa hiyo maswali yanapangwa. La kwanza: je, ni aina A ao B? Kwa A, wanatafuta kinasaba kinachoitwa M, ambacho hakibadiliki sana, kwa hiyo kinapatikana katika gripe A zote, za watu na za wanyama. Jibu likiwa "ndiyo, A", swali la pili linafuata: je, ni H1 ya watu? Je, ni H3? Je, ni H5 ao H7 za ndege? Ikiwa B, wanauliza ni ya ukoo gani, Victoria ao Yamagata.

Mara nyingi jibu ni la kawaida na kazi inaishia hapo. Lakini linaweza kutoka jibu la ajabu: "Ni gripe A. Si H1 ya watu. Si H3." Mlango wa kwanza umefunguka, milango mingine yote imefungwa. Kwa mtu wa maabara, hiyo ndiyo ishara inayomfanya asimame kwenye kiti.

Hivyo ndivyo ilivyotokea mwezi wa nne mwaka 2009 huko California, Marekani. Watoto wawili, mvulana wa miaka 10 na msichana wa miaka 9, wanaokaa wilaya mbili tofauti na wasiojuana, walikuwa na gripe ya kawaida na wakapona. Sampuli zao zilionyesha gripe A isiyoingia katika aina yoyote ya watu iliyojulikana. Zikapelekwa Atlanta, kwenye maabara ya CDC. Wataalamu walipozisoma vinasaba waliona mchanganyiko ambao haukuwa umeonekana popote: vipande vya gripe ya nguruwe wa Amerika ya Kaskazini vimeungana na vipande vya gripe ya nguruwe wa Ulaya na Asia.

Inawezekanaje? Vinasaba vya gripe havikuandikwa kwenye kamba moja ndefu. Vimegawanyika katika vipande 8 vilivyoachana. Virusi viwili tofauti vikiingia katika chembe moja ya nguruwe mmoja, vinapozaliana vipande vinaweza kuchanganyika, kama vijana wawili waliobadilishana nguo usiku. Asubuhi anatoka virusi mwenye H ya huyu na N ya yule. Mwili wa watu haujawahi kumuona.

Tarehe 24 mwezi huo, vinasaba vya virusi vile viliwekwa mahali ambapo wataalamu wa inchi zote wangeweza kuvisoma. Siku chache baadaye, OMS ilitoa maelezo ya kipimo cha PCR cha kuvitafuta. Tarehe 11 mwezi wa sita, ilitangaza kwamba ugonjwa umeenea dunia nzima. Katika mwaka wa kwanza, makadirio yaliyofanywa baadaye yanasema waliofariki walikuwa kati ya 151 700 na 575 400. Wengi walikuwa watu wa chini ya miaka 65, na sehemu kubwa ilikuwa Afrika na Asia ya kusini-mashariki.

Na sasa rudi Panzi. Zile herufi "pdm09" maana yake ni "ya janga la 2009". Virusi vilivyokutwa Kwango mwishoni mwa 2024 ni wajukuu wa vile vya watoto wawili wa California. Vimekuwa gripe ya kila mwaka. Bila kusoma vinasaba, hakuna ambaye angejua undugu huo, na hakuna ambaye angeweza kusema kwa uhakika kwamba Panzi haikuwa na kitu kipya.

Kusoma barua yote

PCR inatafuta maneno machache. Kusoma vinasaba vyote ni kazi ingine: ni kusoma barua nzima kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Vinasaba vya gripe vina herufi karibu 13 500, katika vile vipande 8. Zamani kazi hiyo ilihitaji mashini kubwa na siku nyingi. Leo kuna vifaa vidogo vinavyoweza kushikwa mkononi na kuunganishwa na kompyuta, na kazi inaweza kwisha kwa siku moja ao mbili, kama dawa zake zipo na umeme haukatiki.

Virusi vinapojinakili vinakosea herufi mara kwa mara. Makosa hayo yanarithiwa. Kwa hiyo ukiweka pembeni barua mia za virusi kutoka inchi mbalimbali, unaweza kuona nani alizaliwa na nani, kama vile wazee wanavyofuata ukoo. Matawi ya ukoo huo yanapewa namba. Tawi la gripe ya ndege linalozungumzwa sana siku hizi linaitwa 2.3.4.4b.

Namba hizo si za mbali kwetu. Mwezi wa kwanza mwaka 2017, ndege wa porini walikutwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, Uganda. Miezi michache baadaye, bata na kuku walikufa Ituri, upande wetu wa Ziwa Albert. Kipimo kilionyesha gripe ya ndege H5N8. Vinasaba viliposomwa, kwa msaada wa maabara ya Padova, Italia, vilionyesha kwamba ni tawi la 2.3.4.4, ukoo mmoja na H5N8 iliyokuwa inaenea miaka ile Asia, Ulaya na Afrika, pamoja na ile ya Uganda. Ndege wa porini hawasimami kwenye mpaka kuonyesha kadi. Wakati huo hakuna mtu aliyekuwa amejulikana kuambukizwa na H5N8. Mwezi wa kumi na mbili 2020, ilipatikana kwa mara ya kwanza kwa watu: wafanyakazi wa shamba la kuku kusini mwa Urusi, na walipona.

Kusoma herufi zote kunaonyesha jambo lingine pia: dawa. Dawa inayotumiwa zaidi kwa gripe kali, oseltamivir, inafanya kazi kwa kuziba ule mkasi, N. Katika N1, herufi moja tu ikibadilika mahali panapoitwa 275, mkasi unabadilika umbo na dawa haishiki tena. Mwanzoni mwa 2008, Norway iligundua kwamba H1N1 nyingi za kwake zina badiliko hilo, na kabla ya mwaka mmoja na nusu kwisha lilikuwa limeenea karibu kila mahali. Muganga anayempa mgonjwa dawa hiyo hawezi kuliona. Anayeliona ni mtu wa maabara.

Kusoma jina

Kila virusi vya gripe vinavyosomwa vinapewa jina, na jina linafuata utaratibu mmoja dunia nzima. Chukua A/California/7/2009 (H1N1)pdm09. A ni aina. California ni mahali ilipopatikana. 7 ni namba ya sampuli katika maabara. 2009 ni mwaka. Mabano yanaonyesha H na N. Ikiwa ilitoka kwa mnyama, jina la mnyama linaingia baada ya A: bata, kuku, nguruwe. Jina lisilo na mnyama ni la mtu.

Majina hayo ndiyo yanayoandikwa kwenye chanjo. Mara mbili kwa mwaka wataalamu wanakutana na OMS: mwezi wa pili kwa ajili ya kaskazini mwa dunia, mwezi wa tisa kwa ajili ya kusini. Wanaangalia vinasaba vilivyotumwa na maabara za inchi zaidi ya mia moja, katika mtandao ulioanza mwaka 1952, na kuchagua virusi vitakavyowekwa kwenye chanjo ya msimu unaofuata. Kwa njia hiyo iligunduliwa pia kwamba gripe B ya ukoo wa Yamagata haijathibitishwa popote toka mwezi wa tatu 2020, wakati wa kufungiwa kwa Covid-19. OMS ikashauri iondolewe kwenye chanjo.

Kwetu mstari wa Ikweta unapita kati ya Butembo na Lubero. Sisi ni kaskazini ao kusini? Ni kote kuwili, na gripe yetu haifuati baridi ya Ulaya. Chanjo ya gripe ya kila mwaka haimo katika kalenda ya chanjo za kawaida za watoto wetu. Lakini chanjo inayotengenezwa inategemea sampuli zinazofika mezani. Inchi isiyopeleka sampuli, virusi vyake havihesabiwi wakati wa kuchagua.

Mashariki inajua tayari

Watu wa mashariki hawahitaji kufundishwa faida ya kazi hii. Wakaaji wa Beni wanakumbuka mwezi wa nane 2022, mama mmoja alipofariki na Ebola. Swali lilikuwa: imetoka porini upya, ao ni ile ya zamani? INRB ilisoma vinasaba na kuonyesha kwamba virusi vina undugu na vile vya janga la 2018 mpaka 2020. Ulinzi ukajua pa kutafuta. Na wakaaji wa Kamituga wanajua kwamba ni vinasaba vya mpox yao, toka mwishoni mwa 2023, vilivyoonyesha tawi jipya, Ib, linalopita kutoka mtu mpaka mtu. Tarehe 14 mwezi wa nane 2024, OMS ilitangaza hali ya hatari ya kimataifa.

Leo Goma ina maabara ya INRB iliyopewa jina la Rodolphe Mérieux, iliyojengwa baada ya janga la Ebola ili sampuli za Kivu na Ituri zisilazimike zote kusafiri mpaka Kinshasa. Lakini maabara ni umeme kwanza. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, vita vilipoingia Goma, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilisema wazi wasiwasi wake juu ya maabara hiyo: umeme umekatika, na ndani mna sampuli za magonjwa ya hatari zinazohitaji baridi na ulinzi. Maabara ikisimama, magonjwa hayasimami. Yanaendelea tu bila jina.

Na hadithi ya Panzi haikuwa ya kwanza. Mwishoni mwa 2002, huko Bosobolo, kaskazini-magharibi mwa inchi, watu wengi walikufa na homa na kikohozi, na hofu ilikuwa ile ile. Maabara ilisema: gripe A(H3N2), ya kawaida. Miaka 22 baadaye, jibu la aina hiyo hiyo lilisafiri tena mamia ya kilometa kwenye barabara mbaya. Kinachoua katika vijiji hivyo ni gripe ya kawaida inapomkuta mtoto mwenye malaria, asiyekula vizuri, mbali na hewa ya oksijeni. Maabara haiponyeshi njaa. Lakini inaonyesha kwamba pale panahitajika vyandarua, dawa za malaria, chakula na oksijeni, na si kufunga mipaka.

Wewe ufanye nini

Kama mtoto ana homa na anapumua haraka, ao mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, usingojee: mpeleke kituo cha afya, na malaria ipimwe siku hiyo hiyo. Dawa za kuua bakteria haziui gripe. Usimpe mtoto dawa hizo bila muganga kuamua.

Kama muuguzi anaomba kuchukua sampuli puani, mruhusu, na umwambie ukweli ni siku ngapi ugonjwa umeanza. Siku hiyo inaandikwa kwenye karatasi, na bila yake jibu halieleweki.

Kama kuku ao bata wengi wanakufa kwa ghafla lopangoni, ao unakuta ndege wa porini wamekufa kando ya ziwa, usiwashike kwa mikono mitupu, usiwachinje, usiwauze haraka haraka sokoni ili kuokoa feza. Waweke watoto mbali, kisha mjulishe daktari wa mifugo ao chifu wa mtaa. Ituri ya 2017 ilijulikana hivyo: kuku walikufa, kuna mtu aliyetoa habari, na sampuli ikafika kwenye maabara ikiwa bado nzima.